Lisp Haikukosa Akili, Ilikosa Mtu wa Kuisakinisha

Kuna swali ambalo wasee wa teknolojia huulizana kila mwaka, na kila mwaka jibu ni lile lile la uvivu. Swali: kama Lisp ni lugha ya kompyuta yenye akili hivyo, mbona hakuna anayeitumia? Jibu la uvivu: ati mabano yamezidi. Wengine wanajifanya wasomi zaidi na kusema Lisp ina nguvu kupita kiasi, kwamba kila mtu aliyeishika aliweza kujijengea kila kitu peke yake, basi hakuna aliyeona haja ya kushirikiana na jirani.

Mimi nakataa majibu yote mawili. Nimeisoma hii historia na naona kitu kingine kabisa, kitu kisicho na utamu wa kusimulia. Lisp ilichelewa kwa sababu kwa miaka mingi hakukuwa na njia ya kawaida ya mtu wa kawaida kuchukua kazi ya mwenzake, kuisakinisha kwenye mashine yake, na kuona kama inafanya kazi. Basi. Hebu nikupeleke polepole.

Tuanzie mwanzo. John McCarthy alianza kuibuni Lisp mwaka wa 1958 pale MIT, Marekani, na mwaka wa 1960 akachapisha makala yake kuihusu. Kati ya lugha za ngazi ya juu ambazo bado zinatumika, ni Fortran tu iliyoitangulia. Ile kazi ya kompyuta kusafisha kumbukumbu yake yenyewe bila programa kuishughulikia, ambayo leo unaipata bure kwenye Java, Python na JavaScript, ilianzia kwa Lisp. Kwa hivyo akili ilikuwepo. Usiniambie lugha hii ilikosa akili.

Sasa ruka hadi 1976, twende kwa majirani. Pale Bell Labs kulikuwa na jamaa anaitwa Stuart Feldman. Siku moja mwenzake, Steve Johnson, aliingia ofisini kwake akilaani dunia. Alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa kwenye programu ambayo haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa limeshasahihishwa kwenye faili, lakini faili lenyewe halikuwa limekompailiwa upya. Alikuwa anaendesha nakala ya zamani akidhani ni mpya. Kutokana na hasira hiyo Feldman akaandika Make, chombo kidogo kinachoangalia saa za mafaili: kama hili limebadilika baada ya lile kutengenezwa, tengeneza lile upya. Miaka karibu 50 baadaye Make bado iko kwenye kompyuta duniani kote, na mwaka wa 2003 Feldman alipewa tuzo ya ACM kwa kazi hiyo.

Kumbuka hicho kisa cha faili la zamani linalojifanya jipya. Tutakutana nalo tena.

Utauliza, kwani watu wa Lisp hawangeweza kuchukua Make tu? Hapa ndipo penye utamu. Make inaona programu kama mlolongo wa kazi tofauti: fungua kompaila, peana faili, funga kompaila, faili linalofuata. Lisp haiishi hivyo. Ukifungua Lisp unaingia ndani ya kitu kilicho hai. Unaongeza kipande, kinaanza kufanya kazi hapo hapo huku vingine vikiendelea. Zaidi ya hayo, Lisp ina makro, yaani msimbo unaoandika msimbo. Kama faili la pili linatumia makro iliyo kwenye faili la kwanza, haitoshi faili la kwanza liwe limekompailiwa. Lazima liwe limepakiwa ndani ya Lisp ile ile inayokompaili la pili. Ni kama kupika ugali: haijalishi kwamba maji yalichemka jana, yanatakiwa yawe yanachemka sasa, kwenye sufuria hii.

Kwa hivyo Lisp ilihitaji chombo chake, kinachoishi ndani ya Lisp yenyewe. Na walikitengeneza mapema! MIT walikuwa wameunda kompyuta maalum zilizoendesha Lisp toka juu hadi chini, zikiitwa Lisp Machine, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa na kitu kinaitwa DEFSYSTEM. Unaorodhesha mafaili yako, unasema lipi linategemea lipi, mashine inajua cha kukompaili, cha kupakia, na kwa utaratibu gani. Mwongozo wa mashine hizo ulikuwa na sehemu nzima kuhusu kutunza programu kubwa, hadi jinsi ya kutoa viraka kwa programu ambayo watu tayari wanaitumia. Kampuni kama Symbolics ziliuza mashine hizo kwa pesa ndefu. Hiyo Symbolics ndiyo iliyosajili symbolics.com tarehe 15 Machi 1985, jina la kwanza kabisa la .com.

Sasa, shida. Mwishoni mwa miaka ya 1980 soko la Lisp Machine lilianguka. Kompyuta za kawaida zilikuwa zimepata nguvu na bei imeshuka, na zile hela za akili bandia zikakauka. Mashine zikaondoka na vyombo vyake vikaondoka nazo. Umewahi kuona familia inahama nyumba na fundi aliyejua mabomba yote yalipopita anabaki upande ule? Ndivyo ilivyokuwa.

Lakini subiri, si kulikuwa na kiwango rasmi? Kulikuwa. Watu wa Lisp, baada ya kugawanyika kwa lahaja nyingi, walikaa chini wakaunda Common Lisp. Kitabu cha Guy Steele kilitoka 1984, na kiwango rasmi cha ANSI kikapitishwa 1994. Ni hati kubwa, zaidi ya kurasa 1,000, yenye majina 978 yaliyofafanuliwa. Kuna njia ya kuandika namba kwa Kirumi, kweli kabisa. Lakini ukitafuta njia ya kuelezea programu yenye mafaili kumi na kuijenga, hakuna. Yalikuwepo maneno mawili tu, REQUIRE na PROVIDE, na hayo nayo kiwango chenyewe kinasema yamepitwa na wakati, usiyategemee.

Fikiria hilo. Walikubaliana kuhusu namba za Kirumi, hawakukubaliana kuhusu jinsi ya kupeana kazi.

Si kwamba hakuna aliyeona pengo. Mark Kantrowitz wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon aliandika DEFSYSTEM ya kubebeka, ya kufanya kazi kwenye Lisp tofauti tofauti, na watu waliitumia miaka mingi. Lakini ilibaki kazi ya kila mtu kujipangia: faili liko wapi, folda gani, mashine gani. Ukipakua kazi ya mtu, kwanza unakaa unahariri njia za mafaili zilingane na kompyuta yako. Ukiwa na maktaba moja, sawa. Ukiwa na kumi, na kila moja inataka nyingine tatu, unaenda kuandika Perl. Na ndivyo watu walivyofanya: tangu 1995 Perl ilikuwa na CPAN, ghala moja ambalo ungepakua kazi ya mtu yeyote kwa amri moja.

Ndiyo maana nasema hoja ya "nguvu kupita kiasi" haiingii akilini. Watu hawakujijengea kila kitu upya kwa kiburi. Walijijengea kwa sababu kuchukua cha mwenzako kulikuwa kazi kubwa kuliko kuandika chako.

Halafu 2001 akaja Daniel Barlow. Aliandika chombo kipya akakiita ASDF, kifupi cha maneno yanayomaanisha "chombo kingine tena cha kuelezea mifumo." Jina lenyewe ni utani: tayari vilikuwepo vingine, hiki ni kingine tu. Na ukiangalia kibodi yako, hizo herufi nne zimekaa pamoja chini ya vidole vya mkono wa kushoto. Lakini wazo lililokuwa ndani halikuwa utani. Faili la maelezo ya programu, lile la .asd, linajua lenyewe liko wapi, na kutoka hapo linajua mafaili mengine yote yako wapi. Huhariri chochote. Unaweka folda, unaonyesha Lisp lile faili moja, imeisha. Barlow pia aliandika asdf-install, chombo cha kupakua maktaba kutoka mtandaoni na kukagua sahihi za kidijitali ili ujue kama kweli imetoka kwa mwenyewe.

Ilikuwa hatua kubwa, lakini asdf-install ilitegemea viungo vilivyoelekeza kwenye seva za waandishi wenyewe. Mwandishi akihama, seva ikizima, kiungo kinakufa. Unaagiza maktaba moja, inaita nyingine, hiyo inaita ya tatu, ya tatu kwao stima zimepotea. Umekwama.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu inayonigusa mimi kama kijana wa Kenya. Ukiwa na intaneti ya bure ya chuo kikuu cha Boston, kiungo kilichokufa ni usumbufu. Ukiwa unatumia hotspot ya simu na bando uliyonunua ya siku moja, kiungo kilichokufa katikati ya safari ni pesa iliyoenda na jioni iliyoenda. Msakinishaji mbaya hasumbui kila mtu sawa. Anamfungia nje yule aliye mbali zaidi na jikoni. Nikiona mtu anasema vyombo vya kusakinisha ni mambo madogo, najua hajawahi kusakinisha kitu akiangalia salio.

Jibu la hilo lilikuja Oktoba 2010. Zach Beane alitoa Quicklisp. Unapakua faili moja, unalipakia, na kuanzia hapo unaandika ql:quickload na jina la maktaba. Inaletwa hiyo na zote inazozitegemea. Siri yake haikuwa uchawi wa programu, ilikuwa kazi ya mikono. Beane alikusanya maktaba za watu kwenye toleo moja, takriban kila mwezi, akazijenga zote pamoja kwenye kompyuta yake kabla ya kutoa. Inayokataa kujengeka inaachwa nje hadi mwenyewe airekebishe. Nakala zote zinakaa sehemu moja, kwa hivyo seva ya mwandishi ikizima, wewe huko Kitale huna habari. Toleo jipya likikuvurugia, unarudi lililotangulia.

Linganisha na kilichotokea upande wa JavaScript, Machi 2016. Programa mmoja aliondoa kipande chake kidogo kinachoitwa left-pad, mistari 11 tu ya msimbo, na miradi mingi duniani ikaacha kujengeka siku hiyo. Ile jamii kubwa yenye mabilioni ilijifunza kwa uchungu jambo ambalo Quicklisp ilikuwa imeliweka kwenye msingi miaka sita kabla.

Lakini sitaki kuwauzia ndoto. Quicklisp imebeba mapungufu yake. Inakagua kwamba maktaba inajengeka, si kwamba inafanya kazi sawasawa. Muda mrefu ilikuwa inapakua bila ile kufuli ya HTTPS ambayo hata tovuti ya duka la viatu inayo siku hizi. Na upande wa majaribio hali ni ya kuchekesha: ASDF ina amri ya kuendesha majaribio, test-system, lakini jibu linalorudishwa na kazi hiyo halisomwi na mtu. Majaribio yako yakianguka yote mia na hukuyaandika yapige kelele ya kosa, ASDF inakuambia asante, nimemaliza. Ni kama mwalimu anayehakikisha kila mtoto amekaa kwenye mtihani lakini hasahihishi karatasi.

Sasa turudi kwa ile ASDF, kwa sababu hapa ndipo lile faili la zamani linarudi.

Barlow aliitunza hadi 2004, akapokea Christophe Rhodes, halafu Gary King, na mwishoni mwa 2009 ikaangukia François-René Rideau, ambaye wengi wanamjua kama Faré. Wakati huo alikuwa ITA Software, kampuni iliyotumia Lisp kutafuta bei za tiketi za ndege, ile ambayo Google ilikubali kuinunua mwaka wa 2010 kwa dola milioni 700. Faré hakuanza kama shabiki wa ASDF. Alikuwa ameandika chombo chake mwenyewe, XCVB, kilichopangwa vizuri zaidi kiufundi. Hakuna aliyehamia. Kwa nini? Kwa sababu kuhamia kulitaka kila mtu abadilishe miradi yake, na mtu mwenye kitu kinachofanya kazi, hata kama kinachechemea, hakiachi kwa ahadi.

Basi akafanya kitu ambacho mimi nakiheshimu kuliko uvumbuzi wowote kwenye hadithi hii. Aliacha kusukuma chake akaenda kukarabati cha watu. ASDF 2 ilitoka 2010, na kati ya kazi zake ngumu zaidi ilikuwa moja usiyoweza kuiona: ASDF iweze kujisasisha yenyewe ndani ya Lisp iliyo hai, huku inaendelea kufanya kazi. Hebu waza kubadilisha gurudumu la matatu ikiwa Thika Road na abiria ndani. Kabla ya hapo, Lisp kadhaa zilikuja na ASDF zao za zamani na hakuna aliyethubutu kutegemea kipya chochote, kwa sababu hujui msomaji wako ana ipi.

Halafu akagundua kosa. Lilikuwa limekaa pale tangu ASDF ya kwanza. Ukibadilisha programu A, na programu B inaitegemea A, ASDF haikuwa inapeleka habari za mabadiliko ya saa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine inavyotakiwa. B ingeweza kubaki na nakala ya zamani ikijifanya mpya. Umeona? Ni hasira ile ile ya Steve Johnson ya 1976, imevaa nguo nyingine. Zaidi ya miaka kumi watu walikuwa wanafuta mafaili yote na kukompaili upya bila kujua kwa nini inasaidia. Kulirekebisha kosa hilo hakukuwa kazi ya mstari mmoja. Uzi ulipovutwa, nguo yote ikafunuka, na akalazimika kuandika upya kiini chote. Hiyo ndiyo ASDF 3 ya 2013. Mwaka huo huo akamkabidhi Robert Goldman.

Hesabu majina niliyotaja. Kwa lugha nzima, kwa miongo miwili, chombo kinachobeba karibu kila maktaba kimepitia mikono ya watu wachache kiasi kwamba wangetosha kwenye Probox na nafasi ibaki. 

Kuna anayeweza kusema, sawa, na je, msakinishaji alibadilisha nini? Angalia Clojure. Ni Lisp, ina mabano yale yale. Rich Hickey aliitoa 2007, na kwa kuwa inaendeshwa juu ya Java ilirithi maghala ya maktaba za Java tangu siku ya kwanza. Mwaka wa 2009 Phil Hagelberg akaandika Leiningen, chombo kimoja cha kuanzisha mradi, kuleta maktaba, kuendesha majaribio na kufungasha. Leo benki ya Nubank ya Brazil inaendeshwa kwa Clojure. Mabano hayakuwazuia. Angalia Emacs pia, ambayo ndani ni Lisp: toleo la 24 la mwaka wa 2012 lilikuja na msakinishaji wake, na leo hata mtu asiyejua kwamba anaandika Lisp anasakinisha vipande vyake kila siku.

Na kwenye Common Lisp yenyewe, tangu Quicklisp kuja, watu wameendelea kujenga: Qlot ya Eitaro Fukamachi inafungia kila mradi matoleo yake, Ultralisp inaleta matoleo mapya haraka bila kusubiri toleo la Quicklisp, na ocicl inakagua sahihi vizuri zaidi. Hakuna aliyebadilisha lugha. Mabano yako pale pale.

Kwa nini nimekuandikia haya yote? Kwa sababu hapa kwetu tunafanya kosa la MIT bila hela za MIT. Kila hackathon naona vijana wakali, wanajenga kitu kizuri kwa siku mbili, wanapiga picha na hundi kubwa ya karatasi. Mwezi ukiisha, jaribu kuchukua ule msimbo uuendeshe kwenye laptopu nyingine. Hakuna maelezo, hakuna orodha ya matoleo, hakuna jaribio hata moja. Mwenye nayo mwenyewe hawezi kuijenga tena. Tunasherehekea anayezindua, anayefanya kitu kisakinishike tunamwona kama msaidizi.

Machi 2024 dunia iliona gharama ya dharau hiyo. Kwenye xz, chombo kidogo cha kubana mafaili kilichoko karibu kila Linux, mtu alipandikiza mlango wa nyuma baada ya kumzoea kwa zaidi ya miaka miwili mtunzaji mmoja aliyechoka. Andres Freund aliligundua kwa sababu aliona kuingia kwenye mashine kunachelewa nusu sekunde. Nusu sekunde! Tuliokolewa na mtu mmoja mwenye macho, kutokana na shida iliyoletwa na mtu mmoja kuachwa peke yake.

Kwa hivyo kama wewe ni programa na unatafuta mahali pa kuweka jina lako, msimamo wangu ni huu. Usianze kwa kubuni lugha, wala kwa kuandika XCVB yako nzuri ambayo hakuna atakayehamia. Tafuta kile chombo kinachochechemea ambacho kila mtu anakitegemea, vuta uzi, na usikimbie nguo ikifunuka. Hutapewa hundi ya karatasi. Lakini kuna msichana mahali fulani, ana bando ya saa tatu, anaandika amri moja, na inakubali mara ya kwanza. Hatakujua jina. Atakuwa ameshaanza kazi yake.